KUBANWA KWA PICHA NA USALAMA WA LINDO

Tangu majeshi yawepo, lindo la kambi limetegemea macho na masikio ya askari. Siku hizi, katika nchi nyingi, askari huyo amepewa mwenzake wa aina nyingine: kamera iliyofungwa juu ya mlingoti, na nyuma yake kompyuta iliyofundishwa kupiga kengele mara tu mtu anapoukaribia uzio. Mitambo ya namna hiyo hulinda maghala ya silaha, viwanja vya ndege, magereza na vituo vya kufulia umeme. Husemwa kwamba mtambo hausinzii, haulewi wala hauvuti sigara zamuni, na maneno hayo ni ya kweli. Lakini wengi wanaoyasema hawajui kwamba kompyuta ile haiutazami uzio hata kidogo. Inachokitazama ni picha ya uzio, na picha hiyo, kabla ya kuifikia kompyuta, imekwisha kubanwa, yaani imepunguzwa uzito kwa kutupwa sehemu kubwa ya yale yaliyoonwa na kamera.

Katika makala haya tumekusudia kueleza ni kitu gani kinachotupwa, na jinsi kutupwa huko kunavyoathiri kazi ya kumgundua mpenyaji. Jambo hili si la mafundi peke yao. Anayekwenda gizani kengele inapolia ni askari, na anayeulizwa maswali asubuhi kengele isipolia ni askari huyo huyo.

UZITO WA PICHA

Tuanze na hesabu. Picha moja ya kamera ya kawaida ya siku hizi ina nukta 1,920 kwa upana na nukta 1,080 kwa kimo, jumla nukta 2,073,600. Kila nukta ikiandikwa pamoja na rangi zake tatu, picha hiyo moja huchukua baiti 6,220,800. Kamera hupiga picha 25 kila sekunde. Kwa hiyo sekunde moja ya ulinzi ni baiti zaidi ya milioni 155, na siku moja ni terabaiti 13.4, na hiyo ni kamera moja tu. Mzigo kama huo hauwezi kupitishwa katika nyaya na redio za kawaida za kambi, wala kuhifadhiwa kwa muda wowote wa maana.

Picha zikibanwa hadi megabiti 4 kwa sekunde, kiwango ambacho ni cha kawaida kabisa, siku moja hushuka mpaka gigabaiti 43 hivi. Kamera 10 zilizobanwa kwa kiwango hicho, zikiwekewa kumbukumbu kwa siku 30 mfululizo, huchukua karibu terabaiti 13, yaani nafasi ile ile ambayo kamera moja isiyobanwa ingeimaliza kwa siku moja. Ndiyo sababu hatuna ugomvi na kazi ya kubana picha. Bila ya kazi hiyo, kamera ambazo polisi walianza kuzifunga mjini Kampala mwaka 2018 zisingekuwa na njia ya kuleta picha zao katika chumba cha uangalizi.

Ufundi wenyewe una historia ya kuvutia. Mwaka 1974 Nasir Ahmed, mhandisi mzaliwa wa India aliyekuwa akifundisha katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Kansas huko Marekani, alichapisha pamoja na wenzake Natarajan na Rao njia mpya ya hesabu. Ahmed alieleza baadaye kwamba miaka 2 kabla ya hapo aliomba fedha za kufanyia utafiti huo akanyimwa, kwa kuwa wazo lake lilionekana jepesi mno. Wazo hilo jepesi ndilo lililobeba picha za kompyuta za aina ya JPEG mwaka 1992, na likaendelea kuwa msingi wa njia za kubana picha za mwendo, ikiwamo ile ya mwaka 2003 iitwayo H.264, ambayo hadi leo inatumika katika kamera nyingi za ulinzi, na mrithi wake wa mwaka 2013, H.265.

Kwa maneno mepesi, kazi hufanyika hivi. Picha hukatwa kuwa visanduku vidogo. Badala ya kutaja nukta moja moja, kila kisanduku huelezwa kama mchanganyiko wa mawimbi: mengine ni mapana, yanayobeba mwanga na giza kwa jumla, na mengine ni membamba, yanayobeba vitu vidogo kama majani, nyuzi za nguo na nyaya za seng'enge. Kisha mawimbi membamba hukatwa makali au hufutwa kabisa. Kiwango cha kukata huko katika H.264 huwekwa kwa namba kuanzia 0 hadi 51, na kila namba inapopanda kwa 6, ukali wa kukata huongezeka mara mbili. Rangi nazo hupunjwa: kwa kila nukta 4 za mwanga, kwa kawaida huhifadhiwa kipimo kimoja tu cha rangi.

Yote hayo hayakufanywa kwa kubahatisha. Mabingwa waliochunguza jicho la binadamu waliona kwamba jicho halisikitikii sana mawimbi membamba wala rangi pungufu, mradi umbo kubwa limebaki. Njia hizi zilitungwa kwa ajili ya mtu aketiye kutazama mpira au filamu. Hazikutungwa kwa ajili ya kompyuta inayotafuta mtu aliyelala kifudifudi katika nyasi saa tisa za usiku.

PICHA ISIYOTUMWA

Hatua ya pili ya kubana ndiyo inayotuhusu zaidi sisi wa ulinzi. Kwa kuwa uzio wa sasa unafanana na uzio wa sekunde iliyopita, hakuna haja ya kuutuma mzima kila mara. Hivyo kamera hutuma picha moja kamili, kisha kwa muda fulani, aghalabu sekunde 1 au 2, hutuma mabadiliko tu. Kisanduku ambacho hakikubadilika hakitumwi. Mpokeaji huambiwa aendelee kutumia kile cha zamani.

Swali ni nani anayeamua kwamba kisanduku hakikubadilika. Anayeamua ni programu ya kubana, si programu ya ulinzi. Programu ya kubana haijui adui ni nani. Ikiwa imeamriwa kutumia biti chache, na tofauti iliyomo katika kisanduku ni ndogo, itaona ni nafuu kukiacha. Mtu aliyevaa nguo za rangi ya nyasi, akisogea polepole mbali na taa, ni tofauti ndogo. Anaweza kubaki amefichwa katika picha ya zamani mpaka picha kamili inayofuata, na hapo huonekana kana kwamba ameruka kutoka sehemu moja hadi nyingine.

Hebu tuchukue kamera inayotazama sehemu ya uzio yenye upana wa meta 80. Nukta 1,920 zikigawanywa katika meta 80, kila meta hupata nukta 24. Mtu aliyesimama wima, mwenye urefu wa meta 1.75, atakuwa na kimo cha nukta 42. Atambaapo, kimo chake kikishuka hadi sentimeta 40 hivi, atabaki na nukta 10 tu. Kisanduku kikuu cha H.264 kina nukta 16 kwa 16. Maana yake ni kwamba mtu anayetambaa, kwa kimo chake chote, anaweza kuenea ndani ya safu moja ya visanduku na nafasi ikabaki. Kila askari aliyepitia mafunzo ya awali anajua kwa nini alifundishwa kutambaa chini ya moto wa adui. Sasa anajua sababu nyingine.

Biti za kamera hugawanywa kama posho. Katika mipangilio mingi kamera hupewa kiasi maalumu kwa kila sekunde, na kiasi hicho lazima kitoshe picha nzima. Usiku ukiwa shwari, posho hutosha. Upepo ukivuma na mti ulio pembeni ukaanza kuyumba, mti huo hula sehemu kubwa, kwa maana kila jani ni badiliko. Mvua ikinyesha, kila tone ni badiliko. Gizani, kamera inapojilazimisha kuona, picha hujaa chengachenga zinazochezacheza, na hizo nazo ni mabadiliko yanayodai posho. Anayepunjwa ni yule aliye kwenye uzio, katika usiku ule ule wa mvua na upepo ambao mpenyaji mwenye akili angeuchagua.

Katika vituo vya mbali hali ni ngumu zaidi. Chukua kituo chenye kamera 8 zinazogawana njia moja ya redio ya megabiti 2. Kila kamera hupata kilobiti 250 kwa sekunde. Ikipiga picha 25 kwa sekunde, kila picha hupata wastani wa baiti 1,250. Baiti moja ni kama herufi moja, kwa hiyo ni sawa na kumwambia mlinzi aueleze uzio wote, na kila kilichomo, kwa herufi zinazoenea katika nusu ya karatasi ya taipu, na arudie kufanya hivyo mara 25 kila sekunde. Picha yenyewe kabla ya kubanwa ilikuwa na baiti zaidi ya milioni 6. Kimebaki takriban kimoja katika kila 5,000.

KENGELE ZA UONGO

Msomaji anaweza kudhani kwamba hatari ya picha mbovu ni moja tu, kwamba kengele haitalia. Kuna hatari ya pili, nayo ni kengele kulia ovyo.

Mitambo mingi ya ulinzi imejengwa juu ya kanuni iliyoelezwa mwaka 1999 na Stauffer na Grimson wa chuo cha MIT, Marekani. Kompyuta hujifunza sura ya kawaida ya kila nukta, yaani mwanga wake wa kawaida na jinsi unavyobadilikabadilika, kisha hushtuka panapotokea kitu kisicholingana na kawaida hiyo. Sasa, picha iliyobanwa sana ina tabia ya kupumua. Kila picha kamili inapowasili, nyasi zilizokuwa zimefifia hupata makali ghafla, kisha hufifia tena. Jicho la mtu huzoea jambo hilo na kulipuuza. Kompyuta huona uwanja mzima umebadilika. Kadhalika kingo za visanduku huweza kuchezacheza mahali ambapo hapana kitu chochote, na njia ya redio ikipoteza kipande cha habari, uchafu hubaki katika picha mpaka picha kamili nyingine ifike.

Ubaya wa kengele za uongo si usumbufu peke yake. Alfajiri ya tarehe 28 Julai, 2012, watu 3 waliingia katika kiwanda cha Y-12 mjini Oak Ridge, Tennessee, Marekani, mahali panapohifadhiwa madini ya urani yaliyosafishwa kwa ajili ya silaha za nyuklia. Walikata nyua kwa mikasi ya chuma, wakalifikia jengo lenyewe la urani, wakalichora maandishi na kulipigapiga kwa nyundo. Kiongozi wao hakuwa komando. Alikuwa mtawa wa Kikatoliki, Sista Megan Rice, mwenye umri wa miaka 82, aliyekuwa ametumia sehemu kubwa ya maisha yake akifundisha shule katika Nigeria na Ghana, na lengo lake lilikuwa kupinga silaha hizo.

Mkaguzi Mkuu wa Wizara ya Nishati ya nchi hiyo alichunguza na kutoa taarifa mwezi uliofuata. Alikuta kwamba mitambo ilikuwapo, na ya gharama kubwa. Lakini kamera moja muhimu ilikuwa imekufa kwa takriban miezi 6 bila kutengenezwa, na kengele za uongo zilikuwa nyingi kiasi kwamba walinzi walikwisha zizoea. Waliokuwa ndani ya jengo waliisikia nyundo ikigonga ukutani, wakadhani ni mafundi wa matengenezo wako kazini.

Hatudai kwamba kisa cha Oak Ridge kilisababishwa na kubanwa kwa picha. Taarifa haikusema hivyo. Tunakitaja kwa kuwa kinaonyesha mlinzi mwenye nidhamu anavyogeuka baada ya miezi ya kukimbilia vivuli. Chochote kinachozidisha kengele za uongo, iwe ni ndege, buibui aliyetanda mbele ya kioo, au picha inayopumua, kinafanya kazi moja na kile kilichowafanya walinzi wale wasishtuke.

WAINGEREZA WALIPOPIMA

Katika jambo hili maneno ni mengi kuliko vipimo. Kwa bahati nzuri vipimo vipo. Wizara ya Mambo ya Ndani ya Uingereza ilitengeneza mkusanyiko wa filamu za majaribio uitwao i-LIDS, kwa ajili ya kuipima mitambo ya namna hii kabla ya kununuliwa. Mojawapo ya mafungu yake huonyesha ukanda mtupu: uzio usioruhusiwa kuvukwa, na nyasi. Katika filamu hizo watu huukaribia uzio kwa kutembea, kukimbia, kutambaa, hata kwa kujiviringisha chini kama gogo. Zimo pia filamu zisizo na mtu, zenye wanyama, ndege na vivuli, ili kuona kama mtambo utadanganyika. Kengele huhesabiwa kuwa halali ikilia katika sekunde 10 tangu tukio lianze.

Mwaka 2015 watafiti wa Uingereza walitoa matokeo ya majaribio ya mitambo 4 kwa kutumia ukanda huo mtupu. Waliipa mitambo filamu zisizobanwa, kisha filamu zilizobanwa kwa H.264, zenye picha 25 kwa sekunde na zenye picha 5 kwa sekunde. Waliyoyakuta yanafaa kusomwa kwa makini, kwa sababu hayakuwa yale ambayo wengi wangeyatarajia.

Kwanza, kila mtambo ulikuwa na tabia yake. Kiwango kilichousumbua mmoja hakikuusumbua mwingine. Pili, kwa jumla, kubanwa kwenyewe hakukuidhuru sana kazi ya mitambo. Tatu, kilichodhuru ni kupunguza idadi ya picha kwa sekunde. Nne, kengele nyingi za uongo zilitokana na vivuli vya ghafla vilivyopita katika uzio.

Mwaka 2016 Dodge na Karam wa Chuo Kikuu cha Arizona State, Marekani, walichapisha kipimo kinachokaribiana na hicho, lakini kwa mitambo ya aina mpya, ile inayofundishwa kwa mifano mingi mpaka ikaweza kutambua kama kitu ni mtu, gari au mbwa. Wao pia waliona kwamba mitambo hiyo huvumilia vizuri kubanwa kwa picha, isipokuwa kunapozidi sana. Udhaifu wake mkubwa ulikuwa katika picha yenye ukungu na picha yenye chengachenga.

Wapo watakaosema: basi, jambo limekwisha, tubane tupendavyo. Sisi hatukubaliani na usomaji huo. Ukanda mtupu wa Uingereza ni kazi nyepesi kwa mtambo, nyasi fupi na uzio mmoja, na watafiti wenyewe waliuita hivyo. Lindo lililozungukwa na migomba au magugu marefu si ukanda mtupu. Tena kubana kupita kiasi huzaa ukungu: ndani ya H.264 kuna kichujio kinacholainisha kingo za visanduku ili jicho lisiudhike, na kulainisha ni kutia ukungu, ule ule ambao watafiti wa Arizona waliuona kuwa ni adui wa mtambo. Jicho linafurahishwa kwa gharama ya kompyuta.

Lakini matokeo yale ya tatu, kuhusu idadi ya picha, ndiyo tunayotaka kila mkuu wa kituo ayafikirie. Turudi kwenye kituo chetu cha kamera 8. Fundi anakuja, anaona picha zimeharibika, visanduku vinaonekana waziwazi. Anafanya kile ambacho mtu yeyote mwenye busara angefanya: anapunguza picha kutoka 25 hadi 5 kwa sekunde. Sasa kila picha inapata baiti 6,250 badala ya 1,250. Uzio unaonekana safi, nyaya zinahesabika, mkuu wa kituo anamshukuru fundi na kumpa chai.

Hebu sasa mtu na akimbie. Mtu anayekimbia meta 6 kwa sekunde, kati ya picha na picha, husogea sentimeta 24 kamera ikipiga 25, na meta 1.2 ikipiga 5. Ukanda wa upana wa meta 6 huuvuka kwa sekunde moja. Katika hali ya kwanza kompyuta imempata katika picha 25, ikaweza kumfuata hatua kwa hatua na kuthibitisha kwamba ni kiumbe kimoja kinachokwenda upande mmoja. Katika hali ya pili imempata katika picha 5, kila moja akiwa mahali pengine. Mitambo mingi husubiri picha kadhaa kabla ya kupiga kengele, ili isidanganyike na ndege aliyepita, na inapomaliza kusubiri mtu keshaingia. Kwa picha 1 kwa sekunde, ambayo tumewahi kuisikia ikipendekezwa kwa ajili ya kuokoa nafasi, anaweza kuonekana mara moja tu, au asionekane kabisa ndani ya ukanda.

Mkuu wa kituo aliyetazama kioo asubuhi aliona picha nzuri kuliko ya jana. Hakuwa na njia ya kujua kwamba lindo limedhoofika, kwa sababu alilipima kwa jicho lake.

KUPIMA KWA KUTAMBAA

Ipo njia ya kulikwepa tatizo hili kwa sehemu kubwa, nayo ni kuiweka kompyuta ya ulinzi ndani ya kamera yenyewe. Hapo programu ya kugundua hupewa picha kabla haijabanwa, na kinachosafiri kwenye redio ni taarifa ya kengele pamoja na kipande kifupi cha picha. Kamera nyingi za siku hizi zina uwezo huo. Ambapo kompyuta iko mbali, kamera huweza kutoa mikondo miwili: mmoja wa nukta chache lakini wenye picha nyingi kwa sekunde, kwa ajili ya kugundua mwendo, na mwingine wenye nukta nyingi na picha chache, kwa ajili ya kumbukumbu na ushahidi. Wenzetu polisi watauhitaji huo wa pili, maana mahakamani haitoshi kuonyesha kwamba mtu alipita; lazima sura yake itambulike, na sura ni mawimbi membamba yale yale yanayofutwa kwanza.

Hata hivyo kamera bora iliyopangwa vibaya haina faida, na njia ya kujua imepangwaje ni kuipima mahali ilipo, kwa picha ile ile inayoifikia kompyuta. Muuzaji huleta filamu ya maonyesho: mchana mweupe, mtu mmoja anatembea wima katikati ya uwanja, kengele inalia, watu wanapiga makofi. Jaribio hilo halina thamani yoyote ya kijeshi. Jaribio lifanywe usiku wa manane, mvua ikinyesha ikiwezekana, kamera zote zikiwa zinafanya kazi kwa pamoja ili njia ya redio ibebe mzigo wake kamili. Askari mmoja atambae kutoka upande wa giza, mwingine akimbie, mwingine asogee polepole kabisa kwa kusimamasimama. Uhesabiwe muda tangu aingie katika ukanda hadi kengele kulia. Kisha mtambo uachwe usiku 3 bila jaribio lolote, zihesabiwe kengele za uongo, na kila moja iandikwe chanzo chake.

Jaribio hilo halihitaji fedha. Linahitaji askari 3 wasiojali kuchafua sare, saa ya mkono, na ofisa wa zamu aliye tayari kukosa usingizi. Lirudiwe kila mipangilio inapoguswa. Tunalisema hili kwa sababu katika vituo vingi fundi huingia na kutoka bila ya mtu yeyote kuandika alichokifanya. Bunduki haiwezi kubadilishwa kifaa chake cha kulengea bila ya mkuu wa ghala kujua, lakini mtambo unaolinda ghala zima unaweza kupunguzwa picha 20 kila sekunde kwa kubonyeza kidole mara moja.

Kitabu cha lindo kina safu ya silaha, safu ya risasi na safu ya funguo. Tunapendekeza iongezwe safu ya kamera: megabiti ngapi, picha ngapi kwa sekunde, picha kamili hutumwa kila baada ya sekunde ngapi, nani aliyebadilisha, tarehe gani, na kwa idhini ya nani. Ofisa anayepokea zamu aisome kabla ya kutia sahihi yake.